Risasi Nzito za Nandagala

Asubuhi ile unga ulikutwa umelala bapa. Jana yake jioni Mzee Mbaruku aliumwaga chini ya msolo, mti wa matambiko, kuiuliza mizimu, ukasimama kama kichuguu, akaufunika kwa chungu. Sasa alipofunua, ulikuwa bapa, na chungu hakikuwa kimesogea.

"Unga umekataa, mpwa wangu," akanong'ona. "Tembo huyu usimpige."

Shaibu, askari wa wanyamapori, alikasirika. Tangu matrekta ya mashamba ya karanga yang'oe misitu ya Nachingwea, tembo yule alikuwa amehamia Nandagala na kumaliza mtama wa watu. Shaibu alishampiga kwenye paji la uso. Ikasikika ko, kama mchi kwenye kinu kitupu, na mnyama akaendelea kutafuna.

"Ni risasi, mjomba. Zile nyepesi ni za swala."

"Jini limekosa msitu, limeingia ndani ya tembo huyo. Ukilibomolea na nyumba hiyo, litahamia wapi?"

Shaibu alimheshimu mjomba wake, lakini bunduki aliiamini zaidi. Akaenda stoo Nachingwea, akaambiwa achague. Akaziacha zilizochongoka, akachukua boksi la risasi za kiwandani zenye vichwa butu, nzito hata mfuko wa shati ukaning'inia. Moja tu ilitosha. Tembo alipiga magoti, akaanguka, na watu wakamsindikiza Shaibu kwa vigelegele mpaka karibu na kwake.

Mlangoni alipokelewa na harufu ya tembo. Akamwita mkewe, Sabaha. Akasikia tu kutafuna, taratibu, tena na tena, kutafuna kulekule alikokuvizia shambani wiki nzima, akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta mkewe, mwenye mimba yake ya kwanza, amesimama kwenye mtama, anatafuna mabua mabichi huku machozi yakimtiririka, na katikati ya paji la uso ana alama ndogo ya mviringo, isiyotoa damu.

Mzee Mbaruku alifukiza, akapunga pepo, akasoma dua mpaka sauti ikakauka. Jioni akamwaga unga mlangoni, akaufunika. Kulipokucha ulikuwa bapa.

Shaibu alilia mbele ya mjomba wake bila kuona haya. Alipoingia ndani, Sabaha alikuwa ameketi mkekani, ametulia, akilitazama boksi la risasi ambalo Shaibu hakuwahi kumwonyesha wala kumweleza habari zake.

"Mume wangu," akasema kwa sauti yake ileile ya upole, "ukija kunipiga, safari hii usichukue zile za swala."