Pia Alikuwepo

Kila siku saa kumi jioni Hadiya alitoka shuleni, akautupa mkoba wake nyuma ya kaunta ya studio ya baba yake mjini Migori, akanawa mikono kwa sabuni na kuketi mbele ya kompyuta. Mikono aliinawa kwa heshima ya kompyuta tu. Kabla ya kula alikuwa akisahau.

Mwaka ule wa 1994, kuwa na kompyuta nyumbani lilikuwa jambo la kusikia redioni. Hii ilitoka Dubai, ikiwa imetumika huko miaka mingi kabla ya kufika Migori. Yote ilikuwa ndani ya kibodi moja nene, yenye waya mmoja wa kuingia kwenye televisheni na mwingine kwenye deki ya video. Iliweza kuigandisha picha ya kanda, kuififisha polepole na kuandika herufi za rangi juu yake. Mzee Abdurahman, baba yake Hadiya, alipiga video za harusi na mazishi kuanzia Migori hadi Homa Bay. Kamera aliijua vizuri. Kompyuta aliiogopa, kwa hiyo kazi ya kuandika majina alimwachia binti yake wa miaka kumi na mitatu.

Hapo ndipo kichwa kilipomvimba Hadiya. "Kompyuta haikosei," aliwaambia wenzake darasani, kana kwamba ameiunda yeye. Ukweli ni kwamba alijua matumizi ya vitufe kumi na viwili, na alichokipenda zaidi ni kile cha kufuta. Rafiki yake Liz alipoomba aandike jina lake mara moja tu, Hadiya alimjibu kuwa vidole vyake vinanuka dagaa wa omena. Alizaliwa Migori, baba yake akiwa mtu wa pwani, lakini Kidholuo hakukitaka hata cha bure. Alikiita lugha ya sokoni, na chakula alichokula kila siku kilitokana na watu wa soko hilohilo.

Jumatatu moja aliingia Jeremiah, mkulima kutoka Ndhiwa, viatu vyake vikiwa na matope. Abdurahman alikuwa amepiga video ya mazishi ya baba yake Jeremiah, Mzee Odeny. Jeremiah alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Habari ya jioni, dada. Hii ndiyo orodha ya majina. Andika tu vile iko. Tafadhali usibadilise."

"Nisibadili nini?" Hadiya aliuliza, naye alikuwa amesikia vizuri kabisa.

"Usibadilise."

Hadiya aliinamisha uso kuficha kicheko, ingawa hakujitahidi sana kukificha. Jeremiah alimtazama kidogo, akaaga, akaenda zake.

Kwenye karatasi palikuwa pameandikwa: Mikayi, Rispa. Nyachira, Phelesia. Mtoto yeyote aliyewahi kutumwa nyanya katika soko la Migori angemwambia Hadiya kwamba mikayi ni mke wa kwanza na nyachira ni wa pili, na kwamba nyumbani kwa Waluo huwezi kumtaja wa pili kabla ya wa kwanza. Liz angemwambia. Baba yake angemwambia. Lakini mtaalamu haulizi. Aliyaona maneno hayo mawili, akaamua kuwa ni makosa ya mshamba asiyejua kuandika, akayaacha bila kuyaandika.

Kisha akatazama kanda, ambamo waombolezaji walisikika wakiitwa kwa majina. Phelesia alivaa gauni jeusi na kofia, akapendeza kwenye televisheni. Rispa alikuwa mama mzee, miguu mitupu, kanga imefifia, analia bila kujifuta. Hadiya aliigandisha picha ya Phelesia na kuandika juu yake kwa herufi kubwa za dhahabu: MKE WA MAREHEMU, PHELESIA. Rispa alipita chini kwa herufi ndogo nyeupe: Pia alikuwepo, Rispa. Akajipongeza. Karatasi ya Jeremiah akaikunjakunja na kuitupa jikoni, ikatumika kuwashia jiko la makaa.

Wiki mbili baadaye Jeremiah alirudi. Safari hii hakusalimu.

"Tulikodi jenereta, watu wote wakaja kutazama," alimwambia Abdurahman. "Mama Mkubwa, Rispa, aliona jina lake, akasimama, akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango. Mimi ni mtoto wa Phelesia. Mimi ndiye nilileta orodha. Sasa wazee wanasema nilipanga nimpandise mama yangu. Wamenikataza kukanyaga nyumba ya Mama Mkubwa, na yeye ndiye amenilea tangu nikiwa mdogo! Nipe ile karatasi niwaonyese."

Abdurahman alimgeukia binti yake. "Hadiya, karatasi iko wapi?"

"Sijui, Baba. Labda imepotea." Ulimi ukamtangulia. "Mimi niliandika kama ilivyokuwa. Kompyuta ndiyo iliyokosea. Wakati mwingine inapanga majina yenyewe."

Ulikuwa uongo wa bei rahisi, ila katika mji ambao hakuna mwingine aliyejua kompyuta, uongo rahisi unatosha. Abdurahman aliikodolea mashine macho, kisha akashusha pumzi. "Ndugu yangu, nakuomba radhi. Ni mashine. Nitakuandikia barua uwapelekee wazee."

Jeremiah aliipokea barua, lakini uso wake haukubadilika. Hadiya alimwona akivuka barabara mikono imelegea, na kwa mara ya kwanza hakuona cha kuchekesha kwake. Aliona aibu. Hata hivyo akanyamaza, maana aibu ya kimya ilimwia rahisi kuliko ya kusema.

Jumamosi asubuhi Rispa mwenyewe alifika studio. Alikuja na Wangwe, mdogo wa marehemu, mwenye fimbo na sauti nzito, na Jeremiah akawafuata kwa nyuma akikaa mbali nao. Rispa hakuketi alipopewa kiti. Aliisogelea kompyuta na kuitazama kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa sokoni.

"Ndiyo hii imenisusa chini?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mama," alisema Abdurahman kwa unyenyekevu.

"Iwase. Nimetoka Ndhiwa nione ikikosea."

Hadiya aliiwasha. Rispa akamwamuru aandike Rispa, kisha Phelesia. Kwenye televisheni yakatokea Rispa, kisha Phelesia.

"Tena."

Yakatokea vilevile. Rispa aliamuru mara ya tatu, na mara ya nne. Mashine haikuhamisha hata herufi moja.

"Mbona leo ina adabu?" Rispa aliuliza. "Na yale maneno, 'pia alikuwepo'. Iliyatoa wapi? Ilikuja matanga?"

Wangwe aliguna. Abdurahman alimtazama binti yake, na safari hii alimtazama kwa muda mrefu. Hadiya alitafuta uongo mwingine, lakini kila aliouona ungemrudisha Jeremiah palepale alipokuwa amesimama, karibu na mlango, kama mtu asiye na kwao.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Karatasi ilikuwa sawa. Mikayi alikuwa juu. Sikujua mikayi ni nini, nikayaacha maneno hayo, halafu nikapanga kwa... kwa nguo. Karatasi niliichoma. Kaka Jeremiah hakukosea chochote."

Jeremiah alifunika uso kwa kiganja. Rispa alimwendea, akamshika mkono, akamvuta hadi akawa amesimama kando yake. Wangwe aliitazama mikono yao iliyoshikana, akashusha fimbo yake chini.

Abdurahman alikuwa mwekundu wa macho kwa hasira. "Nimewaandikia wazee barua ya uongo na kuitia sahihi yangu! Hadiya, kutojua neno si kosa. Mimi mwenyewe nilipokuja mji huu sikujua hata kuomba maji. Niliuliza. Wewe ulimdharau mwenye neno, ukalifuta neno, kisha ukamwachia mwingine mzigo wako na kumsingizia mashine isiyo na mdomo wa kujitetea. Mtu mwaminifu anasema 'sijui' kabla ya kazi, na 'nimekosa' baada ya kazi. Wewe umeshindwa yote mawili."

"Barua sitaki," alisema Rispa. "Kesho watu watakusanyika tena. Aandike upya, kisa aje aseme kwa mdomo wake."

Siku ile Hadiya aliandika majina upya, herufi kwa herufi, Jeremiah akimsomea. Kesho yake huko Ndhiwa alisimama mbele ya ukoo mzima akaeleza alichokifanya, bila kupunguza. Wengine waliguna, wengine wakamcheka Kiswahili chake cha pwani. Kisha kanda ikaonyeshwa, na jina la mikayi likatokea la kwanza, kwa herufi za dhahabu.

Ilipokwisha, Rispa alimpa Hadiya kikombe cha chai.

"Umesema kweli mbele ya watu. Hiyo nimekubali," alimwambia. "Kunywa. Lakini usidhani leo nimekupenda."

Hadiya alikipokea kikombe kwa mikono miwili. "Ndiyo, Mama Mikayi," alijibu.