Jogoo Aliyeulizwa Bei na Wote

Kila Jumamosi Muhonja humsaidia mama yake, Rosebella, kuuza kuku sokoni Lubao. Jumamosi hii alikwenda na grafu mfukoni, akijisifu moyoni. Jana yake aliionyesha klabu ya kompyuta shuleni: miongoni mwa lugha za kuandikia programu, mstari wa Python ulikuwa unapanda, na wa PHP unashuka.

"PHP imekufa," alitangaza. Klabu ikakubaliana kwamba Jumatatu programu ya maktaba aliyoiandika Sifuna kwa PHP, kazi ya muhula mzima, ifutwe na waanze upya kwa Python. Sifuna alitazama tu vidole vyake.

Sokoni, jogoo mwekundu aliulizwa bei na kila mpita njia.

"Huyu ndiye anayependwa, Mama," Muhonja alisema.

Rosebella akacheka. "Nimerudi naye nyumbani Jumamosi tatu. Watu huulizanga tu. Wale tetea weupe, wenye hoteli wameshawajua. Huchukuanga na kwenda, hawaulizi kitu."

Muhonja aliitoa grafu. Chini yake palikuwa na maandishi madogo ambayo hakuyasoma: ilihesabu watu wanaotafuta mafunzo mtandaoni. Wanaouliza bei! Aibu ikamshika. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini programu ikifutwa, maji yamemwagika. Aliazimia kusema.

Jumatatu jioni, kabla kompyuta za klabu hazijawashwa, alisimama.

"Nilikosea. Nilisoma mstari, sikusoma maneno yaliyo chini yake. Grafu hii inahesabu wanaouliza, si wanaotumia."

"Si wewe ulisema imekufa?" Gentrix, mwanaklabu mwenzake, alimchokoza.

"Nilisema. Na leo asubuhi programu ya Sifuna imeandikisha vitabu arobaini maktabani. Maiti haiandikishi kitu."

Kisha akawasimulia habari za jogoo. Klabu nzima ikacheka, Sifuna akiwemo.

Mwalimu Wanzala, msimamizi wa klabu, alisubiri kicheko kiishe. "Python tutajifunza, maana wanafunzi wengi wanaitafuta, na hilo nalo lina maana yake. Ya Sifuna itabaki. Ukionyeshwa grafu, uliza kwanza inahesabu nini. Na ukikosea mbele ya watu, rekebisha mbele ya watu, kama alivyofanya mwenzenu."

Sifuna akasogea kwenye benchi, akampa Muhonja nafasi. "Na yule jogoo?"

"Tumerudi naye tena," Muhonja akajibu.