Jina Kwenye Kigae

"Mwalimu, kabla hujafuta ubao, nieleze tena hilo neno la mwisho."

Abdiel aligeuka, chaki mkononi. Wanafunzi wenzake Anneth, vijana wanaosaka kazi ya kuongoza watalii, walishaondoka na darasa la Kiingereza la Kijenge lilikuwa kimya. Anneth alisimama mlangoni, mimba ya miezi mitano chini ya khanga. Aliyempa mimba hiyo alikuwa Abdiel, na walijua wao wawili tu.

"Ostracize. Kumtenga mtu. Limetoka Ugiriki ya kale. Watu walikusanyika, kila mmoja akakwaruza kwenye kigae cha chungu jina la anayetaka aondoke. Aliyezidi kutajwa alihama mji miaka kumi."

"Wanawake nao walitengwa hivyo?"

"Hapana. Wanaume tu."

"Kumbe! Huku kwetu Meru mmeligeuza."

Tangu tumbo lionekane, kanisa lilikuwa limemtenga Anneth. Hakuna Meza ya Bwana, hakuna kwaya; mahali pake ni benchi la nyuma. Jumapili angepiga magoti mbele ya usharika mzima ili arudi kundini. Na Abdiel? Bado alikuwa akiongoza kwaya ileile, joho limenyooka. Anneth alitoa simu, akasoma kwa sauti:

"'Mpenzi, wakikuuliza sema ni mtu wa safari, ameshaondoka. Nitakuoa mambo yakitulia.' Umeandika wewe au shetani?"

"Anneth, baba yangu ni mzee wa kanisa. Aibu hii itamuua."

"Wangu aliposikia alivunja chungu cha mama. Hajanisemesha mpaka leo."

Akatoa kigae cha chungu hicho kwenye mkoba, akakitua mezani.

"Andika. Nani atoke?"

Abdiel aliirudisha chaki mezani.

"Nipe muda."

"Muda unao wewe. Mimi nina tumbo."

Anneth alikiacha kigae palepale, akatoka akilia barabarani bila kujali nani anamwona. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumapili, kanisani, mlimani juu ya mji wa Usa River, Anneth alipiga magoti. Mchungaji akauliza taratibu:

"Binti yangu, mhusika ni nani?"

Amtaje? Amfiche? Akafumba macho.

"Ni..."

Nyuma yake kwaya ikaguna. Alipofumbua macho, Abdiel alikuwa anapiga magoti kando yake, joho amelivua. Mbele ya mchungaji aliweka kigae kilichokwaruzwa kwa msumari: ABDIEL ELISARIA.

"Ni mimi, mchungaji. Baba, nisamehe. Kama ni kutengwa, tutengwe wote."

Mzee Elisaria aliinuka kwenye benchi la wazee, akakiokota kigae, akasoma jina lake likiwa limefuata la mwanawe.

"Benchi la nyuma lina nafasi," alisema. "Mkakae wote wawili. Ya arusi tutaongea nyumbani, na mkwe wangu aje ale."

Anneth hakumtazama Abdiel.

"Umechelewa," alinong'ona.

"Najua."

"Basi niinue. Magoti yananiuma."