Fungu la Kuagia

Asubuhi ile mdogo wangu Unaisi alikuwa anapepeta unga. Unga ukikaa muda ndani ya mashua, visiwani kwetu Fiji, wadudu huwa wameshajigawia vyumba na sebule. Torben, mumewe, yule Mdenishi aliyekuja kutembea tu zamani akasahau njia ya kwao, alikuwa juu anashona tanga. Nguo zao zilizofuliwa kwenye ndoo zilikuwa zinapepea kwenye kamba za mlingoti kama bendera za nchi maskini.

"Mama, leo tunakula mkate au wadudu?" Torben akamuuliza mkewe kutoka juu.

"Vyote. Nyama umepewa bure, na bado unalalamika?"

Ndivyo walivyoishi, mwaka baada ya mwaka, kwenye hicho kimashua chao, Belo. Ukisimama chumbani kichwa kinagonga dari, ukilala miguu inagusa sufuria. Leo kisiwa hiki, keshokutwa kile. Lakini safari hii haikuwa ya kutangatanga. Binti yao Litia alikuwa mjini Savusavu, mimba yake ya kwanza imefika mwezi wa mwisho, na alikuwa amesema kwenye simu, "Mama, usiponishika mkono siku hiyo sitakusamehe." Unaisi alikuwa anakwenda kumshika mkono.

Kwenye foronya, chini ya kitanda cha mbele, alikuwa amebeba jino la nyangumi la baba yetu. Kwetu mtoto akizaliwa, ndugu wanaokuja kumfunua uso mara ya kwanza hubeba jino kama hilo. Likipokelewa, mtoto ni wao, na wao ni wake. Jino lile lilikuwa la mjukuu.

Shida ilikuwa maji ya kunywa. Madumu yalikuwa yanalia matupu. Alasiri wakaona kisiwa kidogo, ghuba nzuri, nyumba chache za makuti na moshi mwembamba. Wakaingia kwa mlango wa mwamba, lile pengo kwenye matumbawe, wakatia nanga.

Sasa, huingii maji ya watu ukatia nanga na kuanza kuogelea kama bata. Unavaa vizuri, unachukua fungu la mizizi ya yaqona, ile inayotwangwa na kukorogwa kwa maji na kunywewa na wote kwa kifuu kimoja, unampelekea mkuu wa kijiji. Hiyo ndiyo hodi yako. Bibi yetu alikuwa anafunga mafungu mawili kila safari. "Hili la hodi, hili la kuagia," alikuwa anasema. "Na la kuagia msinisahaulie, nyie watoto, mtaniacha kwa watu!" Siku hizi la kuagia nani analibeba? Watu wa mashua wanapunga mkono tu, wanakwenda zao.

Sokoni, kisiwa cha nyuma, Unaisi alikuwa ameshika mafungu mawili. Torben akamwambia, "La pili la nini? Tunasimama mara moja tu, mama, tuchote maji." Akalirudisha moja.

Kwa kawaida mwanamume ndiye anayesema maneno ya hodi, lakini Torben maneno yetu yalikuwa yanamtoka kama mtu anayetafuna kokoto, kwa hiyo alisema Unaisi. Katika nyumba kubwa walikuta mzee mmoja ameketi mbele na watu wengine wamejipanga ukutani, kimya, macho chini. Mzee akaliweka fungu magotini.

"Tumelipokea," akasema. "Sasa ninyi ni wa hapa."

Ni maneno ya heshima, kila kijiji wanayasema. Watu wakapiga makofi yale mazito, viganja vimekunjwa. Lakini makofi yale yalilia maji, kama wimbi dogo linalojipiga chini ya mashua.

Unaisi akakinywa kifuu chake. Kilikuwa baridi, kikaacha chumvi ulimini. Akaona kwamba mkeka alioukalia ulikuwa umemlowesha nguo. Na wakati wa kuinuka, akaziona nyayo za yule mzee. Nyeupe. Zimejikunja, kama vidole vya mtu aliyefua kutwa nzima.

"Wazee hao," Torben alimwambia wakirudi, kila mmoja na dumu lake la maji. "Wanakaa majini sana, wanavua."

"Umesikia mbwa?"

"Mbwa gani?"

"Ndiyo nakuuliza. Kijiji kizima, hata jogoo?"

Torben akacheka, akamwambia hivi mbwa wakibweka analalamika, wasipobweka analalamika.

Kulipokucha walipunga mkono kuelekea ufukweni, wakang'oa nanga, wakatoka. Upepo ulikuwa wa kubembeleza kabisa. Kisiwa kikazama nyuma yao. Unaisi akakaanga samaki, Torben akaimba zile nyimbo zake za kwao zisizo na mwisho. Jua lilipofika utosini wakaona nchi kavu mbele.

Moshi mwembamba. Nyumba chache za makuti.

"Dira imeharibika," Torben akasema.

Wakageuza. Safari hii kwa injini, upande wa pili, jua likiwa begani ili wasidanganywe na kitu chochote. Bahari ilikuwa tupu pande zote. Unaisi hakushuka chini. Alikaa nje akitazama mbele bila kupepesa, kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Alipepesa mara moja tu.

Ghuba ilikuwa mbele yao. Kwenye mchanga yule mzee alikuwa ameketi, mikono magotini, anawatazama.

Mafuta yakaishia hapohapo kwenye mlango wa mwamba. Mkondo ukawaingiza ndani polepole, ukawaweka palepale walipolala jana. Torben akatupa nanga kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Unaisi akafungua dumu ampe maji ya kunywa. Akaonja kwanza.

Chumvi.

Akafungua jingine. Chumvi.

Upepo ukafa. Tanga likaning'inia kama nguo iliyosahaulika. Kulipokucha tena bahari ilikuwa kioo, na walikuwa wanalamba umande kwenye turubai. Torben akasema heri watoke kwa kasia, hata wavute mashua kwa mtumbwi wao wa mpira. Akaanza kuvuta nanga. Haikuja. Akavuta mpaka viganja vikachubuka. Haikuja.

"Imenasa kwenye matumbawe. Nashuka."

Akavaa miwani ya maji, akajitosa. Maji yalikuwa meupe, jua kali juu yake. Unaisi akahesabu pumzi zake mwenyewe kwa kumngojea, akakosea, akaanza upya. Akakosea tena. Alipokuwa tayari kujitupa na yeye, Torben akaibuka, akashika ngazi. Hakupanda. Alibaki ameshikilia tu.

"Torben. Kuna nini?"

Akanong'ona. "Nyumba."

"Nyumba gani?"

"Zile tulizoingia. Ziko chini, mama. Chini yetu. Nanga yetu imeingia mlangoni mwa ile kubwa."

"Nyamaza."

"Na fungu letu liko mkekani."

Unaisi akageuka kutazama ufukweni. Moshi ulikuwepo. Nyumba zilikuwepo. Akaangalia majini, na vivuli vya mapaa vilikuwepo pia, vimetulia, vinamtazama kutoka chini.

Akamvuta mumewe ndani, akamfuta kwa taulo. Alipofika miguuni akaacha kufuta. Nyayo zake zilikuwa nyeupe, zimejikunja. Akazisugua. Akazisugua mpaka ngozi yote ya juu ikawa nyekundu, lakini nyayo zilibaki vilevile, baridi.

"Usijisumbue," Torben akasema taratibu. Sauti ilikuwa yake, lakini haraka yote imemtoka. "Tukae tu. Wameshanitandikia mkeka."

"Na Litia?"

Akamtazama kama anayejaribu kukumbuka jina lile aliwahi kulisikia wapi.

Hapo Unaisi akaisikia sauti ya bibi yetu, wazi kama yuko hapo jikoni: mtaniacha kwa watu. Akaelewa. Walikuwa wamebisha hodi, wakapokewa, wakaitwa watu wa hapa. Hawakuwa wameaga. Na fungu la kuagia lilibaki sokoni, kwenye meza ya yule mama muuza mizizi.

Akapindua mashua nzima. Akafungua kila kisanduku, akakung'uta hata kile kitambaa cha kuchujia. Hata uzi wa mzizi hakuupata. Kitu kimoja tu ndani ya Belo kilikuwa na heshima ya kupelekwa mbele ya mkuu.

Aliishika ile foronya muda mrefu. Nyuma yake akamsikia Torben anashuka ngazi ya pembeni, mguu mmoja, halafu wa pili, akielekea majini bila haraka, kama mtu anayeingia chumbani kwake kulala.

"Rudi hapa!" Akamshika shati, akamburuta, akamfunga kiunoni kwa kamba ya tanga kwenye mlingoti. "Ukifungua kamba hii, Torben, nitakuua mimi kabla yao!"

Akapiga kasia peke yake mpaka ufukweni, mchana kweupe.

Nyumba ile kubwa ilikuwa na watu wote walewale, ukutani. Mkeka ulikuwa na maji ya kufika vifundoni. Akapiga magoti ndani yake.

"Mzee wangu," akasema, "tumekuja kuaga. Binti yangu ananingoja. Tunaomba mtufungulie njia."

"Fungu la kuagia liko wapi?"

"Sina. Nimeleta hili."

Akalitoa jino, limeng'aa njano, kamba ya kusuka ya baba yetu imening'inia. Mzee hakulishika.

"Hili ni la nani?"

Unaisi angeweza kusema ni lake. Lakini nani anadanganya huku ameshika jino la nyangumi kwa mikono miwili?

"La mjukuu wangu," akasema. "Hajazaliwa."

Kwa mara ya kwanza wote waliokuwa ukutani wakainua macho.

Unaisi akataka kulirudisha kifuani. Mikono ilikataa. Akamfikiria Torben na ile kamba, na fundo lake, na nguvu alizokuwa nazo Torben akitaka jambo. Mikono ikanyooka yenyewe.

Mzee akalipokea. Akalibusu. Makofi yakalia, mazito, ya maji.

"Nendeni," akasema. "Wewe na mumeo tumewafungulia. Mtoto tutakuja kumwona."

Nanga ilikuja juu nyepesi kama ndoo tupu. Upepo ukaamka. Torben alilala chini ya mlingoti, na alipozinduka aliomba maji, halafu akauliza kwa nini amefungwa kama mbuzi. Nyayo zake zilikuwa nyekundu na zinamuuma. Walipofika nje ya mlango wa mwamba Unaisi aligeuka. Kulikuwa na kichaka na mchanga. Hakuna nyumba hata moja.

Savusavu alifika kwa wakati. Alimshika Litia mkono. Akazaliwa msichana, mzima, mwenye kelele za kutosha, na Unaisi akacheka na kulia kwa pamoja mpaka wauguzi wakamtoa nje akanywe chai. Alirudi mchana uleule. Litia alikuwa amelala. Uso wa mtoto ulikuwa wazi, shuka limekunjwa vizuri pembeni. Miguuni kwake kulikuwa na jino la nyangumi, limelowa, na kamba ya baba yetu imesukwa upya kwa majani ya baharini.

"Ameleta babu yenu mmoja," muuguzi akamwambia, amekasirika, na kitambaa cha kupigia deki mkononi. "Mwambieni siku nyingine ajifute kwanza. Ona sakafu yangu!"

Waliiuza Belo. Wanaishi milimani sasa, pamoja na Litia na mtoto, mbali na pwani, mahali ambapo hata mto husikii. Mtoto ameanza kutembea. Ni mcheshi, anapenda mapapai, anamwita Torben kwa jina kama rafiki yake. Unaisi habanduki kwake. Mchana wa jua kali, sakafu imekauka kabisa, mtoto akipita anaacha nyayo za maji kutoka mlangoni mpaka kitandani. Unaisi anamfuata nyuma na kitambaa, amepiga magoti, anazifuta kabla Litia hajaziona.

Zile ndogo zinafutika upesi. Zile kubwa, zinazotembea ubavuni mwake, ndizo zinazochukua muda.