Aliyemgeuza Mama

Bibi wa kitanda cha mwisho alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, na hakuna aliyemlaza hivyo.

Mhudumu alisimama mlangoni na beseni mkononi, akijaribu kukumbuka. Asubuhi alimwacha bibi ameelekea ukutani. Tangu apigwe na kiharusi, mwili ule haukuweza kujigeuza hata kidogo. Sasa ulikuwa umeelekea dirishani, mto umewekwa vizuri katikati ya magoti, shuka imenyooshwa bila hata kunyanzi moja. Chumba kilinuka kidogo, harufu ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Labda ni mwenzangu wa zamu, aliwaza, na kwa jinsi alivyochoka hakutaka kuwaza zaidi. Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Bibi yule alikuwa mama yake mzazi.

Nyumba ile ya kutunzia wazee ilikuwa na vitanda vingi na mikono michache. Kila zamu walikuwa wahudumu wawili, yeye na bwana mmoja aliyebatizwa Chapuchapu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha jambo. Waliosha, walilisha, walibadilisha nepi, kisha kulikuwa na ile kazi ya kugeuza. Mtu asiyejiweza akiachwa kutwa nzima amelalia upande mmoja, ngozi inachubuka, nyama inaanza kuoza, na kidonda cha namna hiyo kikishaingia kutoka ni shughuli. Msimamizi alijua. Aliomba waongezwe watu mpaka akachoka kuomba, akaishia kuletewa mapazia mapya.

Mama alipata kitanda pale kwa kuwa mwanawe ni mfanyakazi wa hapo. Na mwanawe, kwa kuogopa kusemwa kwamba anampendelea mtu wake, alijiwekea utaratibu wa kuanza na wa watu na kumalizia na wake. Wazee wengine walikuwa na watoto wakali waliokuja kufunua mashuka na kukagua migongo. Mama ataelewa, alijiambia kila siku. Akifika kwake miguu imevimba, zamu inaisha, anampangusa uso, anambusu na kuondoka. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa amechoka tu, na wa kwako ndiye unayemchelewesha kwa sababu unajua hatakufukuza.

Jioni ile alimshukuru Chapuchapu kwa kumsaidia. Chapuchapu akamtazama kwa mshangao, kwani yeye alikuwa anajiandaa kumshukuru kwa kumgeuza mzee fundi cherehani wa chumba cha pili.

"Mimi sijamgusa, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani ni wewe."

"Basi ni nani?"

Chapuchapu alichungulia ukumbini, ukumbi mtupu unaonuka dawa ya kusafishia sakafu. "Tusiulize sana. Mgongo wangu unaniuma."

Hawakuuliza. Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo mtu mwenye usingizi wa kutosha asingelifanya. Walisikia kitambaa kikikamuliwa bafuni, maji yakichuruzika ndani ya ndoo, wakafungua mlango na kukuta bafu limekauka. Waliona vidonda vikifunga. Waliona kwenye mashuka alama za kiganja za rangi ya kahawia, kama kitambaa kilichounguzwa na pasi, vidole virefu kupita kiasi, wakayakunja mashuka hayo upande wa alama ndani na kuyapeleka kufuliwa. Kidogo kidogo wakaacha kufika vyumba vya mwisho. Walikaa jikoni, wakanywa chai ya moto kwa mara ya kwanza tangu waajiriwe, na Chapuchapu akatania kwamba mfanyakazi mpya hana mdomo wala hadai likizo. Walicheka, lakini hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kisha wazee wakaanza kukataa mikono yao. Fundi cherehani alifumba mdomo kijiko kilipomkaribia, akageuzia uso upande usio na mtu, akafungua kinywa huko na kutafuna. Mwanawe alipomtembelea, mzee alimuuliza kwa adabu yeye ni mgeni wa nani. Wiki iliyofuata alifariki akitabasamu. Waliomwosha walisema mwili wake ulikaa na joto mpaka siku ya pili.

Joto hilo lilimtia mhudumu hofu kuliko yote yaliyotangulia. Adhuhuri ya siku aliyosikia hayo alikwenda moja kwa moja chumba cha mwisho, akiwapita wazee wote wengine, na kadiri alivyokaribia harufu ya kuungua ilizidi kumkaba, na nyuma ya mlango alisikia mtu akiimba bembelezo kwa sauti isiyovuta pumzi, sauti inayokwenda tu bila kukatika, na alipousukuma mlango alimwona mama yake ameinuliwa hewani juu ya godoro, shingo imeegemezwa juu ya kitu kisichoonekana, nywele zikijisuka zenyewe polepole, shuka chafu ikijivuta kutoka chini yake na safi ikijitandika, huku mkono ule uliopooza, ule ambao madaktari walikwisha kuukatia tamaa, umenyooka ukipapasa hewa taratibu mahali ambapo pangekuwa na shavu.

Alikwenda kwa msimamizi, akaeleza yote, na msimamizi akakiri kwamba hata yeye alikuwa akijua.

Mganga aliletwa kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa na uzi, na alionekana amechoka kama wao. Alifukiza ubani chumba kwa chumba, akasikiliza, akanusa mashuka, kisha akawaita pembeni.

"Huyu hakutumwa na mtu wala hana kinyongo," aliwaambia. "Alikuta wanaoita na hawaitikiwi, akaitika. Nikimfukuza kwa nguvu atarudi. Kila anayehudumiwa naye lazima aseme kwa kinywa chake kwamba hamtaki. Hapo atatoka."

Basi wakaanza. Msimamizi mwenyewe alikunja mikono ya gauni. Watoto wa wazee waliitwa, wakaja, wakaosha miguu ya wazazi wao, wakawalisha kwa subira, na mzee mmoja baada ya mwingine alitazama uso uliomwinamia, akautambua, akasema hamtaki yule mwingine. Kila mmoja aliposema, chumba kilipoa, harufu ikapungua. Ilibaki imejikusanya yote chumba cha mwisho.

Mhudumu alipiga magoti kando ya kitanda. Mganga alisimama mlangoni na chetezo chake.

"Mama," alisema. "Sema humtaki. Nitakuhudumia mimi. Nitakugeuza mimi, kila mara."

Maneno yalimtoka mama kwa shida, upande mmoja wa mdomo. "Uliniambia hivyo siku uliyonileta."

"Nilikuwa na kazi, mama."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa naita, nakusikia chumba cha pili ukimwimbia mtu." Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. "Yeye alikuja. Simfukuzi mtu aliyekuja."

"Mama, atakuchukua kama alivyomchukua yule fundi cherehani."

"Hata kitanda kitanichukua. Nenda ukapumzike. Umechoka."

Alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Mganga alizima chetezo, akafunga vitu vyake kwenye mfuko, akasema hapo hana la kufanya, akaondoka bila kuaga.

Mhudumu akainuka. Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akachota maji, akaamua kwamba kuanzia saa hiyo atafanya kwa mikono yake hata kama itakatika. Aliingiza mkono mmoja chini ya bega la mama, mwingine chini ya nyonga, kama alivyowafanyia wazazi wa watu maelfu ya mara, akavuta. Mwili haukusogea. Akavuta tena, mgongo ukiwaka.

Kisha uzito ukapungua. Kutoka ng'ambo ya kitanda, viganja viwili vya moto vilikuwa vimepita chini ya mama na kukutana na vyake, vikamwinua pamoja naye, taratibu, wakamlaza ubavu wa pili bila kumuumiza.

Mama akashusha pumzi. "Ahsante, mwanangu," alisema.

Alikuwa anatazama ng'ambo.