Kitanda cha Babu cha Kando ya Mto

Siku hizo, kila akirudi kutoka shuleni, Chiriku alimkanda babu yake mgongo kwa mafuta ya uvuguvugu. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Lakini saa ya kukanda, msemaji alikuwa babu. Zamani alikuwa mpima kina cha mto, na kila kiangazi yeye na bibi walipiga hema ukingoni wiki nzima.

"Tulilala juu ya majani, mjukuu wangu. Asubuhi umande umetulowesha kama maharage, na bibi yako anacheka tu. Ah, siku zile!"

Bibi alikuwa ameshafariki. Mwaka huo babu alitamani kuuona mto tena, pamoja na mama na Chiriku. Daktari aliruhusu kwa sharti moja: asilale chini.

Mama alikubaliana malipo na mwenye duka la vifaa vya safari, na Chiriku akatumwa kwenda kuchagua kitanda cha kukunja. Babu alimkatia uzi, urefu wa kisigino chake hadi goti.

"Kitanda kifike hapa. Halafu ukilalie, ujigeuze huku na huku. Macho hayana mgongo, hayawezi kujua kitanda."

Dukani kulikuwa na vitanda vitatu: cha wavu cha kuning'iniza kati ya miti, cha turubai zito rangi ya vumbi, na kimoja cha buluu, chepesi, chenye mfuko wa maua. Nje, marafiki wa Chiriku walimngoja wakacheze kuruka kamba. Uzi haukutoka mfukoni. Alibeba cha buluu, mbio.

"Umekilalia?" babu aliuliza.

"Nimekilalia, babu. Kama pamba!"

Jioni hiyo babu alikitandaza uani, akajinyoosha. Kitambaa kikabonyea hadi kikagusa udongo. Alipotaka kuinuka, magoti yalimfika kidevuni. Ilibidi mama na Chiriku wamshike kwapani na kumwinua, huku ameuma meno kwa maumivu.

Hakugomba. Alipangusa vumbi kwenye suruali yake, taratibu.

"Labda ni mimi tu. Nimezeeka kuliko mto wenyewe. Nendeni ninyi, mtanisimulia."

Chiriku alimsogelea. Afadhali angechapwa.

"Babu, si uzee wako. Ni uongo wangu. Sikukilalia. Nilikimbilia kucheza."

"Basi kesho urudi. Na umweleze mwenye duka kama ulivyonieleza mimi."

Kesho yake alieleza, macho yakiwa chini. Mwenye duka, mama mnene mcheshi, alikubali kumbadilishia. Safari hii Chiriku hakuharakishwa na mtu. Kile cha wavu kilimkunja kama ndizi. Cha turubai zito kilifika sawasawa na uzi. Akajilaza, akajigeuza, kikatulia.

"Babu ni mzito kuliko mimi," alisema kwa wasiwasi.

"Nipishe," mwenye duka akajibu, akajitupa juu yake. Kitanda hakikulia hata kidogo. "Kikinibeba mimi, mwanangu, kitabeba hata babu wawili!"

Chiriku alikibeba kichwani hadi nyumbani, shingo ikamuuma siku mbili.

Asubuhi ya kwanza mtoni, Chiriku alitoka hemani na kumkuta babu ameketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zimekanyaga chini vizuri. Babu akasimama mwenyewe, akatembea hadi majini, akawaonyesha mahali bibi alipokuwa akianika mablanketi. Alicheka, akiutazama mto.

"Nimelala kama mtoto," alisema, akimshika Chiriku bega. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mtu akikutuma umchagulie kitu, amekukabidhi mwili wake. Usiseme umejaribu kama hukujaribu. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema wewe. Ungenyamaza, leo ningekuwa nyumbani, nikiamini kwamba mto umenikataa."