Magoti ya Kifungo

Kila siku akitoka shule, Utepe alikuwa na kazi tatu kabla ya kuruhusiwa kucheza. Ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo vya mchana. Ya pili, kufagia nyuzi na vipande vya nguo chini ya cherehani ya mama. Ya tatu, ambayo hakuna aliyeipenda, ilikuwa kupitisha sumaku sakafuni ili kuokota pini, kwa sababu baba aliwahi kukanyaga moja na mtaa mzima ukajua.

Mama yao alikuwa fundi cherehani, na watoto wake aliwaita kwa majina ya kazini. Huyu wa miaka kumi na miwili, mrefu, mwembamba, anayejikunja apendavyo, alimwita Utepe. Mdogo wake wa miaka sita, mwenye uso wa mviringo, asiyebanduka ubavuni mwa dada yake, alimwita Kifungo. Majina yalishika mpaka walimu nao wakayatumia.

Kazi zikiisha, Utepe alitandika shuka kuukuu sebuleni akaanza yoga. Mwalimu wa michezo ndiye aliyeianzisha shuleni mwaka ule, na Utepe aliipokea kama aliyezaliwa nayo. Kusimama kwa mguu mmoja, kuinama mpaka paji la uso liguse magoti, yote kwake yalikuwa mchezo. Kitu kimoja tu kilimchosha. Kila kipindi, kabla ya mkao wowote, mwalimu aliwaketisha wafumbe macho, wavute pumzi taratibu, kisha kila mmoja ajiulize moyoni amemuumiza nani siku hiyo na amemsaidia nani. Mwalimu alisema hiyo ndiyo nusu ya yoga. Utepe aliona ni nusu inayokula muda bure. Alifumba jicho moja, na kwa la pili akaangalia nani amekaa vibaya.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Utepe alichaguliwa kuongoza mstari wa mbele. Kila aliyechaguliwa alitakiwa kuja na mtu mmoja wa nyumbani ili waonyeshe mkao pamoja. Mama alikuwa na rundo la sare za kumaliza. Baba, ambaye alikuwa mwashi, alirudi jioni akiwa hoi bin taabani. Akabaki Kifungo, ambaye kwa furaha alimweleza habari hiyo kila aliyepita, akianza na jirani yao, fundi seremala.

Fundi seremala aliishi ukuta kwa ukuta na wao. Alikuwa mtu wa kupiga mluzi tangu asubuhi, na vipande vyake vya mbao ndivyo Kifungo alivyojengea nyumba za wanasesere. Siku zile alikuwa akimtengenezea mama meza ya kukatia nguo. Mbao zake alizoea kuziegemeza kwenye ujia kati ya nyumba zao mbili, na watoto walikatazwa kucheza hapo.

Mkao waliopangiwa ulikuwa wa kipepeo. Unakaa chini, nyayo zimegusana, magoti yanashuka pande zote mbili mithili ya mabawa. Magoti ya Utepe yalishuka mpaka chini. Ya Kifungo yaligoma njiani. Shuleni kulikuwa na mvulana mmoja, jina lake la utani Waya, ambaye kaka yake alikuwa ameshagusa sakafu. Waya alimwambia Utepe mbele ya darasa zima kwamba magoti ya mdogo wake yanaishi ghorofani. Watu wakacheka, na Utepe akarudi nyumbani akihesabu siku zilizobaki.

Jioni ile mama alikuwa ametoka kupeleka nguo kwa mteja. Utepe alimketisha Kifungo kwenye shuka, akapiga magoti mbele yake, akamwekea mikono juu ya magoti na kusukuma.

"Dada, basi," alisema Kifungo.

"Bado kidogo tu."

Mwalimu alikuwa amewaambia mara nyingi kwamba mwili wa mwenzako huugusi bila kumwomba ruhusa, na pumzi yake ikibadilika unaacha papo hapo. Utepe aliisikia pumzi ya Kifungo ikibadilika. Aliisikia vizuri kabisa, na bado akaegemea kwa uzito wake wote. Kifungo akapiga ukelele, akaanguka ubavu, ameshika paja.

Utepe alimziba mdomo. Alimfuta machozi, akambembeleza, akamwomba asimame. Kifungo alisimama kwa mguu mmoja, na ule mwingine haukutaka kukanyaga. Hapo hofu ikamshika Utepe, na hofu ile ikamfundisha maneno.

"Mama akiuliza, sema uliteleza kwenye mbao za fundi, ukaangukia goti. Ukisema vingine, sikuchukui siku ya wazazi."

Kifungo akaitikia kwa kichwa. Tangu lini amekataa neno la dada yake?

Mama aliporudi alimkemea Kifungo kwanza, ndipo akamhurumia. Alimuuliza amkataze mara ngapi kucheza kwenye mbao, na kama masikio yake ni ya mapambo. Kifungo alimtazama Utepe, kisha akatazama chini. Baba alipofika na kumkuta mtoto anachechemea, hakuvua hata viatu. Alitoka moja kwa moja hadi kwa jirani. Fundi seremala alimwambia kwamba mbao zote alizihamisha asubuhi, na kwamba baba mwenyewe alipita ujiani akaona peupe. Lakini baba alikuwa ameshapandwa na hasira. Alitamka maneno ambayo hayaokotwi kwa sumaku.

Kesho yake ujia ulikuwa umezibwa kwa mbao mbili zilizopigiliwa misumari. Meza ya mama ilibaki upande wa pili, haina miguu, imefunikwa turubai. Mluzi haukusikika tena.

Kwenye zahanati, tabibu alimuuliza Kifungo alivyoumia. Kifungo akalitoa somo lake bila kukosea, mbao, kuteleza, goti. Tabibu alilitazama goti lile ambalo halikuwa na hata mchubuko, akashangaa kidogo, akalifunga bandeji na kusema mtoto atembezwe taratibu lisije likakakamaa. Basi kila asubuhi na jioni mama alimshika mkono akamtembeza kutoka mlangoni hadi dirishani, na kila hatua Kifungo aliuma midomo. Siku ya nne ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Shuleni nako mambo yalimwendea Utepe mrama. Mwalimu alipowaambia wafumbe macho na kujiuliza wamemuumiza nani, Utepe alifumba yote mawili, kwa mara ya kwanza, na pumzi ikamkwama kifuani. Wakasimama kwa mguu mmoja. Akaanguka. Akasimama tena, akaanguka tena, na Waya akacheka peke yake kwa sababu wengine walikuwa wameshangaa. Mwalimu alimwita pembeni akamuuliza kama nyumbani ni salama. Utepe alijibu kuwa ni salama, na uongo huo ukawa wa pili.

Alipofika nyumbani siku hiyo, mama alikuwa akikazana kumaliza sare ili kesho ampeleke Kifungo hospitali kubwa akapigwe picha ya mfupa. Baba alikuwa amewahi kutoka kazini na alikuwa akifunga kamba za viatu, aende kumshtaki jirani kwa mkuu wa mtaa. Utepe akapita akaingia chumbani. Kifungo alikuwa amelala chali, mwanasesere kifuani, midomo ikicheza.

"Niliteleza kwenye mbao za fundi. Nikaangukia goti," alikuwa akimwambia mwanasesere. Akamwona dada yake. "Najifunza ya kesho. Dada, nikisema vizuri, utanichukua bado?"

Utepe aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Akageuka, akarudi sebuleni, akasimama kando ya cherehani.

"Mama, Kifungo hakuanguka."

Cherehani ikanyamaza. Utepe akaeleza yote bila kupumzika, magoti, Waya, alivyosukuma, na jinsi alivyoisikia pumzi akaidharau. Baba alibaki ameinama, kamba ya kiatu mkononi. Mama alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, ndipo akasema.

"Kusimama kwa mguu mmoja unajua sana, mwanangu. Sasa simama kwa miwili, uende kwa fundi ukamwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Twende wote," baba alisema kwa sauti ya chini. "Hata mimi nina langu la kumwambia."

Walimkuta fundi seremala akipiga randa. Hakuacha kazi Utepe alipokuwa akizungumza, ila randa ilikwenda polepole zaidi, mpaka ikasimama. Baba naye akaomba radhi, maneno yakimtoka kwa shida.

"Miaka tisa unanijua, mwashi," fundi alisema, "na hukuniuliza. Hilo ndilo lililonikaa moyoni." Kisha akamgeukia Utepe, akampa nyundo. "Mbao za ujiani, kazing'oe wewe."

Misumari ilikuwa imeshika barabara. Utepe alihangaika nayo hadi viganja vikamwasha, na hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza, ujia ulikuwa wazi, lakini fundi hakupiga mluzi siku hiyo, wala kesho yake.

Tabibu alipoambiwa ukweli, alifungua bandeji ya goti akashika nyonga, na Kifungo akaruka. Msuli wa paja la ndani ulikuwa umevutika, na kule kutembezwa kulizidi kuutonesha. Tabibu alisema hapakuwa na haja ya picha ya mfupa. Mtoto alale na apumzike wiki tatu, na angepata nafuu mapema kama wangemwambia siku ya kwanza. Mama alilia kimya kimya njia nzima, kwa kuwa yeye ndiye aliyemshika mtoto mkono akamtembeza.

Utepe mwenyewe alimweleza mwalimu ukweli. Siku ya wazazi mstari wa mbele uliongozwa na Waya. Utepe alitandika mikeka, akaikunja, akarudi nyumbani. Tangu hapo kila jioni alimpelekea Kifungo chakula kitandani, akamsogezea vipande vya mbao, akakaa karibu bila kumsemesha kama mwenyewe hataki. Mara nyingi Kifungo hakutaka. Hilo lilimuuma Utepe kuliko viganja vyake.

Wiki ya nne meza ya mama ililetwa, ina miguu minne, na aliyeibeba upande mmoja alikuwa baba. Jioni hiyo mama aliinuka kwenye kiti chake akijishika kiuno. Utepe alikuwa akikaribia mwisho wa kupitisha sumaku.

"Mama, naweza kukugusa mgongo?"

Mama alimtazama, akakubali. Utepe aliweka kiganja tu, akasikiliza pumzi ya mama ikiingia na kutoka. Ilipokatika kidogo, akaondoa mkono.

"Sasa naiona yoga yako," mama alisema. "Zile za kujikunja hata utepe wa dukani unazijua. Hii ya kumsikia mwenzako, na ukikosea useme, ndiyo ya kuishi nayo humu ndani na watu. Usiiache shuleni."

Kifungo alikuwa akiwatazama kutoka mlangoni. Alikuja akikanyaga vizuri, akaketi kwenye shuka kuukuu, akagusanisha nyayo.

"Wewe usinishike," alimwambia dada yake. "Nafanya mwenyewe."

"Sikushiki," Utepe alijibu, akaketi kando yake.

Magoti ya Kifungo yakashuka kidogo, yakaishia hewani. Utepe akayaona yalipoishia, akafumba macho yote mawili.